Ronjo Isiyo na Kurudi

Bomani kwetu,
Ngorongoro.
Jumapili, 24 Agosti 2025.

Mpendwa kaka Lemayian,

Nakusalimu kwa salamu za nyumbani, zile unazozijua. Watoto hawajambo. Ng'ombe hawajambo. Nyasi zimepungua lakini hazijaisha, na ukungu bado unatujia kila asubuhi kama mgeni asiyejua kwamba ameshachosha wenyeji. Nawe je? Joto la Dar es Salaam umeshalizoea? Blandina amepona mgongo? Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa hawezi hata kuinama kufua. Na Jackson mdogo ameanza kusimama, au bado anatambaa na kula mchanga?

Mama ni mzima. Goti linamsumbua kwenye baridi hii, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atakamua. Bibi yetu koko haoni tena vizuri kwa jicho la kushoto. Anatutambua kwa sauti, na siku nyingine ananiita kwa jina lako, kwa sababu anasema mimi na wewe tunakohoa namna moja. Yule ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji amezaa ndama jike Jumanne iliyopita. Mama alisema ndama huyo ni wako. Alisema hivyo Jumanne. Habari ninazotaka kukupa zinaanzia Jumatano.

Salamu hizi nimezianza mara tatu. Tulifundishwa kwamba humfikii mtu na jambo zito kabla hujamuuliza watoto wake na ng'ombe wake, kwa hiyo nimekuuliza, na kila nilichouliza nataka kukijua kweli. Lakini kila nilipofika mahali pa kuandika kwamba sisi huku hatujambo, mkono ulisimama. Sisi huku tuna jambo, kaka.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu zangu huzipokei tangu Jumatano jioni, na ujumbe wa Ijumaa umeusoma ukanyamaza, nimeona. Ya pili, kwa mdomo umenishinda tangu tukiwa watoto. Nilikuwa naanza kusema, wewe unamaliza sentensi yangu, na ikishamalizika inakuwa yako. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Ngoitiko amemaliza likizo yake na kesho anarudi huko kwenye kazi yake ya ulinzi. Nimemwomba aiweke barua hii mkononi mwako, asiiache mapokezi.

Sasa nitaandika mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi, ili yakae mahali pamoja mbele ya macho yako.

Masika ya mwaka jana vyoo vya shule yetu vilititia, na kuta za madarasa matatu zikapasuka, ufa wa kuingiza kiganja. Shule ikafungwa. Watoto wakahamishiwa kwa muda kwenye shule moja ya Karatu mjini, ambayo iliwapa vyumba viwili na upande mmoja wa bwalo. Kwa muda, tuliambiwa, mpaka madarasa yakarabatiwe. Kutoka huku juu hadi Karatu si njia ya mtoto kutembea, ina nyati na tembo na magari ya watalii, basi shirika lenu likatoa basi. Wewe ndiye uliyelileta. Siku ile ulisimama mlangoni mwa basi na shati jeupe, mama akakutemea mate ya baraka kiganjani mbele ya watu wote, nami nikajificha nyuma ya gurudumu nikalia kwa fahari. Hilo hukulijua. Nakwambia leo kwa sababu nataka ujue fahari ile ilikuwa kubwa kiasi gani.

Basi hilo ndilo limekuwa maisha yangu. Chuo nimemaliza, ajira naisubiri, mchana nafundisha kwa kujitolea, na asubuhi na jioni mimi ndiye mwangalizi wa watoto njiani. Tunaondoka kabla hapajapambazuka, tunafika kwenye geti la hifadhi wakati linafunguliwa, tunateremka Karatu watoto wakiwa wamelaliana mabegani. Jioni tunapanda tena, tukikimbizana na saa ya geti kufungwa. Hakuna mtoto aliyewahi kulala mbali na mama yake. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Kwa kina mama wa hapa ndilo jambo lenyewe. Ndiyo maana walikubali.

Lazaro dereva, yule Mwiraqw wa Karatu uliyemwajiri wewe, bado ni yule yule. Kila asubuhi anapiga honi na kupaza sauti: "Mwalimu, hesabu watoto tuondoke!" Nami siwahesabu. Unajua kwa nini: mtoto hahesabiwi kama magunia ya mahindi. Nawaita kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja anaitika. Lazaro anatikisa kichwa. "Nyie Wamaasai, iko siku mtaniachia mtoto getini kwa ajili ya heshima." Hatujamwacha hata mmoja.

Mwezi wa tano nyani aliingia kwa dirisha tukiwa kwenye foleni ya getini, akaondoka na begi la Sifa, binti wa Sintamei jirani yetu, yule mwenye pengo. Sifa alilia: "Mwalimu, ana daftari langu la hesabu!" Lazaro akamjibu bila kugeuka: "Mwache nalo, huenda akafaulu kukuzidi." Basi zima lilicheka hadi mjini, na Sifa mwenyewe akacheka, machozi bado yako mashavuni. Nakuandikia haya ili usiwaone watoto hawa kama tarakimu kwenye ripoti. Ndani ya basi lile hakuna tarakimu.

Nije kwenye fomu.

Mwezi wa pili ulinipigia simu. Ulisema kuna fomu za wazazi, na kwamba bila fomu hizo basi halina kibali cha kuendelea. Zilipofika nilizisoma, mstari kwa mstari, maana nimesoma chuo na siweki dole kwenye kitu nisichokisoma, wala simwachi mtu mwingine aweke. Juu paliandikwa usafiri wa mwanafunzi. Katikati paliandikwa ridhaa ya uhamisho. Chini yake palikuwa na viboksi viwili, wa muda na wa kudumu, vyote vitupu. Nikakupigia. Nilikuuliza, kaka. Usije ukajiambia kwamba sikukuuliza.

Ulicheka. Ulisema, "Resi, hilo ni neno la ofisi tu. Shule imehama, au haijahama? Viboksi niachie mimi, nitajaza huku."

Nikakwambia kina mama wataniuliza uhamisho ni kitu gani, na mimi ndiye nitakayewafasiria kwa Kimaa. Nilisikia kalamu yako ikigonga meza. Kisha ukaacha Kiswahili, ukasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ile ya zamani uliyokuwa ukinitulizia nikiogopa fisi:

"Waambie ni ronjo."

Nilishusha pumzi. Nilijiona mjinga kwa kuwa na wasiwasi. Nani asiyeijua ronjo? Kiangazi kikibana, vijana wanaondoka na ng'ombe kuzifuata nyasi, wanajenga kambi ya miiba huko mbali, wanakaa miezi miwili au mitatu, na mvua ikinyesha wanarudi. Hakuna anayemuaga mtu wa ronjo kwa kulia. Nyumba yake haivunjwi, kitanda chake hakigawiwi, kibuyu chake kinaendelea kuoshwa na kufukizwa kana kwamba atakunywa jioni. Kwetu sisi kuhama ni nusu ya kurudi. Mimi na wewe tulikwenda ronjo pamoja mwaka ule mama alipokuwa mgonjwa. Ulinibeba mgongoni kuvuka korongo. Nilikuuliza kama tumepotea, ukasema aliye ronjo hapotei, kwa sababu njia yote anatembea akiwa amegeukia nyumbani moyoni. Nilikuwa na miaka sita, na nimeyashika maneno hayo hadi leo.

Kwa hiyo nikaenda kwa kina mama nikawaambia: ni ronjo.

Sintamei ndiye aliyeuliza, unamjua asivyomung'unya maneno. "Ronjo ya watoto? Na mvua ikinyesha?"

"Wanarudi," nikasema.

"Na nani anasema hivyo, wewe au hiyo karatasi?"

"Mimi nasema, na karatasi inasema."

Akacheka, akachovya dole kwenye wino, akalikandamiza kama mtu anayebandika samadi ukutani. "Haya. Sifa wangu yuko ronjo." Wengine wakamfuata. Kila aliyeweka dole alisema jina la mtoto wake na kuongeza kwamba yuko ronjo. Ilikuwa kama wimbo. Na chini ya kila dole, mahali palipoandikwa mfasiri, nikaweka sahihi yangu. Nilikuwa na mwandiko mzuri siku ile.

Jumatano iliyopita Mwalimu Hyasinta aliniita ofisini. Huyu ndiye mkuu wa shule iliyotupokea, mama wa Kiiraqw mwenye huruma. Amekuwa akiwagawia watoto wetu uji wakati ambapo hakulazimika. Aliniagizia chai na mandazi kabla ya kusema lolote, nikajua kuna msiba. Kisha akanisogezea ripoti. Ilikuwa ya shirika lenu, ya kufunga mradi, na mwishoni palikuwa na jina lako.

Iliandikwa kwamba wazazi wote wameridhia uhamisho wa kudumu. Iliandikwa kwamba kwa hiyo hakuna tena shule iliyohamishwa kwa muda. Kuna wanafunzi wa Karatu tu kama wanafunzi wengine wa Karatu. Na kwa kuwa hakuna shule iliyohamishwa, hakuna sababu ya kuwa na basi. Basi linarudishwa Ijumaa hii, tarehe 29, tukifunga kwa likizo fupi. Mwalimu Hyasinta alinieleza kilichobaki kwa upole, kama anayemwongoza kipofu kwenye ngazi: shule yetu ya juu sasa haina mwanafunzi hata mmoja kwenye rejista, na shule isiyo na mwanafunzi nani ataikarabati?

"Ulilijua hili, mwanangu?" akaniuliza. "Maana nimeona sahihi yako."

Nikaomba kuziona fomu. Alikuwa na nakala. Madole yalikuwa pale pale, la Sintamei limetapakaa kupita mengine yote. Sahihi yangu pale pale. Na kwenye kiboksi cha pili, fomu baada ya fomu, alama ya vema. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Vema yako ina mkia uliojikunja, kama alama ya masikio ya ng'ombe wa baba. Ulianza kuichora hivyo darasa la tatu, na mwalimu akakuchapa, na wewe hukuiacha. Nilikuwa nikiipenda alama ile. Nilikuwa nikiiiga kwenye madaftari yangu.

Jioni ile ulipokea simu yangu kwa mara ya mwisho. Nitayaandika tuliyosema kama yalivyokuwa, ili usije ukasema nimeongeza chumvi.

Ulisema, "Madarasa ya Karatu yana umeme, Resi. Unataka warudi kwenye nyufa?"

Nikasema, "Nataka waulizwe."

Ukasema, "Wameulizwa. Wameweka dole."

"Waliweka dole kwenye ronjo."

Halafu ukasema, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: "Ungewaambia ni wa kudumu, wangeweka?"

"Wasingeweka."

"Sasa?"

Neno hilo moja, kaka. Sasa. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimepanda nalo basi. Mpaka hapo nilikuwa bado natafuta namna ya kukuokoa. Nilikuwa nimejiambia kwamba labda karani mmoja alijaza viboksi, labda mkubwa wako alikulazimisha, labda uliweka vema usiku wa homa. Wewe mwenyewe ukanifungia milango yote kwa neno moja. Hukukosea. Ulijua kwamba wangekataa, ukatafuta neno ambalo wasingelikataa, ukalitoa nyumbani kwetu, ukanipa mimi nilibebe kwa sababu kinywani mwangu lisingenuka.

Nimejitahidi kukuelewa. Mimi ni mtu wa kukaa na jambo nikiligeuza, unanijua. Mama anasema ninatafuna mawazo kama ng'ombe anayecheua. Nimelicheua hili siku nne. Huenda uliona unawatendea watoto wema. Huenda uliwaona wakisoma chini ya taa, ukasema siku moja watanishukuru. Huenda ni kweli madarasa ya mjini ni bora. Lakini ungewaambia hivyo! Ungesimama mbele yao na shati lako jeupe ukasema: kina yeyo, mama zetu, nataka watoto wenu wahame moja kwa moja, na sababu zangu ni hizi. Wanawake hawa wanajua kukataa, na wanajua pia kukubali. Kukubaliwa na mtu anayeweza kukukatalia ni heshima. Wewe uliwanyima hata ile nafasi ya kukukatalia.

Na kama ungetumia neno la Kiingereza, au neno lolote la ofisini, ningekasirika kisha ningesamehe. Ofisi zina maneno yake. Lakini ulichukua ronjo. Sasa mama akisema fulani yuko ronjo, watu wanatazamana. Juzi mzee mmoja kisimani alisema ng'ombe wake wanakwenda ronjo wiki ijayo, na kijana wake akauliza kwa kejeli, "Ile ya kurudi, au ile ya mwalimu?" Watu wakacheka. Nami nilikuwa nimeinama nachota maji.

Alhamisi jioni niliwaambia kina mama. Niliwaomba wabaki pale basi linapogeuzia, nikawaambia yote: viboksi, vema, basi kuondoka. Nilisema viboksi vilijazwa baadaye, mahali ambapo hatukuwapo. Nilitegemea kelele. Hawakupiga kelele. Sintamei alinyoosha mkono, kiganja juu, kama anayedai kitu alichoazima mtu.

"Nirudishie dole langu," akasema.

Mmoja akacheka, cheko la uchungu, kisha wote wakanyoosha mikono. "Na langu." "Na langu, mwalimu." Nilisimama mbele ya viganja vile sina la kuweka ndani yake.

Kisha Sintamei akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Neno lile la ronjo, nani alikupa? Wewe ni msomi, lakini neno lile halikuwa na sauti yako."

Mama alikuwa amekaa pale, kwenye jiwe, goti amelinyoosha. Hakunitazama. Nami sikujibu. Kaka, sikujibu. Jina lako lilikuwa mdomoni, zito kama kokoto, nikalimeza. Wakaondoka wakiamini kwamba neno ni langu, na uongo ni wangu. Ijumaa asubuhi watoto walipopanda basi, Sifa, ambaye kila siku ndiye wa kwanza kuniletea kichwa nikiguse kwa salamu, alipita na kichwa chake kimenyooka. Si ukorofi, ameambiwa. Alikaa dirishani akatazama nje. Nilipoita jina lake aliitika kwa sauti ya mtu mzima. Tulipofika getini Lazaro akasema, kwa sauti ya chini, "Pole, mwalimu. Kulibeba la mtu mwingine kunavunja shingo." Sikuwa nimemwambia kitu. Naye ni mtu wako, ulimwajiri wewe, na anaujua mwandiko wako kwenye karatasi zake za safari.

Sasa sikia ninachotaka. Ni kimoja tu.

Jumamosi tarehe 13 Septemba kutakuwa na kikao cha wazazi hapa kwetu, chini ya ule ukuta uliopasuka. Mwalimu Hyasinta atapanda kuja. Amesema hivi: yule aliyejaza viboksi akiandika na kutia sahihi kwamba vilikuwa vitupu wakati wazazi wanaweka dole, na kwamba wao waliambiwa ni kwa muda, basi fomu zile atazirudisha na wazazi wataulizwa upya. Watoto wakibaki wa shule yetu kwenye rejista, kuna haki ya kudai basi, na kuna shule ya kukarabati. Wasipobaki, Jumatatu ya tarehe 15 Karatu itafungua bila wao. Hakuna mama hapa atakayempangishia chumba mjini mtoto wa miaka tisa. Sifa atabaki kuchunga mbuzi. Nimemwona tayari Sintamei akimpimia fimbo.

Karatasi moja, kaka. Mistari mitano. Nakujua unavyoandika haraka. Lakini nisingependa utume karatasi. Ningependa uje usimame pale, useme kwa Kimaa: lile neno ni langu, si la Resiato. Utaona aibu. Mimi nimeona aibu siku nne na bado naishi.

Usipokuja na usipoandika, nitasema mwenyewe. Sitakuficha mara ya pili. Nilimeza jina lako Alhamisi kwa sababu mama alikuwepo. Tarehe 13 atakuwepo tena, na nitalitaja mbele yake, kwa sauti, kama ninavyowaita watoto ndani ya basi. Wewe utaitika au hutaitika. Nakwambia mapema ili usiseme nimekuvizia. Sisi wengine huwa tunamwambia mtu kabla.

Nisalimie Blandina, umwambie mafuta ya kondoo aliyoyaomba kwa ajili ya mgongo amepewa Ngoitiko, yako kwenye chupa ya maji. Mbusu Jackson mdogo kichwani, pale pale pa kusalimia. Mwambie shangazi yake anamtaka aje aone ndama. Koko anakusalimu, anauliza kama huko Dar kuna fisi. Lazaro anakusalimu pia. Nilimuuliza kama nimwandikie salamu zake, akafikiri, akasema mwandikie tu.

Mama hajatuma salamu. Nitakueleza kwa nini.

Jana asubuhi alikuwa akifukiza vibuyu. Unakumbuka anavyofanya: anaviosha, anaingiza kijinga cha mti wa oloirien, anatikisa, anakung'uta majivu, nyumba nzima inanukia moshi ule. Alimaliza cha koko, alimaliza changu. Kisha akakichukua chako, kile chenye ukosi wa shanga za buluu, ambacho tangu uende chuo hajawahi kuruka hata wiki moja bila kukifukiza. Akakishika. Kijinga kilikuwa mkononi kinapoa. Akaniuliza, bila kuinua macho:

"Na huyu wangu? Yuko ronjo, au amehama?"

Nikamwambia sijui, nitakuuliza. Akakiweka kibuyu chini, hakukifukiza, wala hakukitundika mahali pake. Kiko pale mlangoni, na kila anayeingia anakikwepa. Ndizo salamu zake.

Basi nimekuuliza. Mungu akulinde njiani, kama kuna njia utakayoishika, na mvua ikutangulie.

Dada yako akupendaye, hata leo,

Resiato